Allion yangu inakunywa oili: nibadilishe injini au niiuze?

Swali: Shikamoo fundi. Nina Toyota Allion ya 2004, cc 1790, niliinunua mkononi mwa mtu mwaka 2019. Dashibodi inaonyesha kilomita 186,000. Ndiyo gari la familia: linapeleka watoto shule, linanipeleka kazini, na mara moja au mbili kwa mwezi tunatoka Morogoro kwenda Dar es Salaam na kurudi. Tatizo ni oili. Kila mwezi naongeza chupa ya lita moja, kuna mwezi zinafika mbili. Asubuhi nikiwasha linatoa moshi wa bluu kidogo halafu unakata. Fundi wangu aliuona ule moshi akasema ringi zimekwisha, nilete injini ya mtumba. Mume wangu anasema tuliuze, tununue Premio new model. Kingine, kama miaka miwili iliyopita lilichemka pale Chalinze, fundi akatoa thamostati. Tangu siku hiyo halijachemka tena, mshale wa temperecha hata nusu haufiki. Mafuta naona linakula zaidi kidogo, na mbele linagonga kok-kok kwenye matuta. Naomba ushauri kabla hatujatoa hela.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye lile ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo: thamostati ilitolewa na mshale haufiki nusu. Nitalirudia, maana naamini sehemu kubwa ya shida yako ilianzia hapo. Lakini swali lako kwanza. Injini usinunue, angalau si sasa. Hujapima kitu hata kimoja na fundi wako hajapima. Ameona moshi kwa macho akahukumu. Moshi huo huo mmoja una watu watatu au wanne wa kushukiwa, na kati yao ni mmoja tu anayehitaji injini kushushwa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu na mimi nimewahi kuhukumu hivyo. Miaka ya nyuma nilimwambia mteja mwenye Corolla ya injini kama yako kwamba ringi zimekwisha, alete injini. Alikopa, akaleta. Baada ya miezi minne injini mpya ikawa inakunywa oili kuliko ile ya kwanza. Ile ya zamani ilikuwa bado imelala kona ya gereji, nikaifungua jioni moja. Kuta za silinda zilikuwa bado na mistari yake ya kiwandani, ile inayokatana kama wavu. Ringi ya oili ilikuwa imeganda kwenye mfereji wake, haichezi. Nyuma yake, vile vitundu vidogo vya kurudishia oili vilikuwa vimezibwa na ukoko mweusi, mgumu kama ule wa sufuria ya wali iliyosahaulika jikoni. Nilichukua sindano nikaanza kuvizibua kimoja kimoja. Injini ile haikuwa imekwisha, ilikuwa chafu. Tangu siku hiyo hakuna gari ninaloliandikia injini kabla sijalipima.

Sasa uijue injini yako. Fungua boneti, tafuta kibati chenye maandishi ya modeli. Kama kimeandikwa ZZT240, au ZZT245 kwa linalovuta matairi yote manne, injini ni 1ZZ-FE, cc 1794, ambayo sokoni sote tunaiita 1790. Ni injini ya mnyororo, haina mkanda wa taimingi wa kubadilisha, na iliwekwa kwenye magari mengi unayoyaona barabarani: Premio ya zamani, Runx, Fielder, Spacio, Wish, Caldina. Ilianza 1998, na huko Marekani ilibeba Corolla kwa miaka mingi. Kote ilikokwenda ilifuatwa na lalamiko hili hili la kunywa oili.

Sababu yake inafahamika. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu zinazuia mgandamizo usivuje, ya tatu kazi yake ni kufuta oili kwenye ukuta wa silinda. Oili inayofutwa lazima irudi chini kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, na njia yake ni vile vitundu vilivyotobolewa kwenye pistoni nyuma ya ringi. Kwenye 1ZZ za miaka ya mwanzo vitundu vilikuwa vichache na vyembamba. Oili ikichakaa inaacha utando, utando unaungua unakuwa ukoko, ukoko unaziba vitundu, ringi inaganda. Oili inabaki ukutani na kuungua pamoja na petroli. Baadaye Toyota waliibadili pistoni, njia ya oili ikapanuliwa. Gari lako ni la 2004, kwa hiyo haliko kwenye kundi lile lililolalamikiwa zaidi. Ndiyo maana sikubali haraka kwamba ni ugonjwa wa kuzaliwa. Nadhani huu limeupata ukubwani.

Turudi kwenye thamostati. Watu wengi, mafundi wakiwemo, wanaamini thamostati ni kifaa cha nchi za baridi, kwamba huku kwetu kwenye joto ni kikwazo tu cha maji. Si kweli. Thamostati ya injini yako hufunguka maji yakifika nyuzijoto kama 82. Kabla ya hapo inayazuia yasiende kwenye rejeta ili injini ipate moto upesi. Ikitolewa, maji yanazunguka kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza, na injini inafanya kazi ya baridi karibu muda wote, hasa safari fupi za shule na kazini kama zako. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado haijapata moto, kompyuta inaongeza petroli. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuona linakula mafuta zaidi. Petroli isiyoungua vizuri inaosha ukuta wa silinda na kushuka kwenye oili. Unyevunyevu ambao ungekauka kwa moto wa injini unabaki humo humo. Oili inageuka tope mapema kabla kilomita zake hazijafika, na tope ndilo linaloleta ule ukoko niliokueleza. Ukiwa umeendesha hivyo miaka miwili, ningeshangaa zaidi kama lisingekunywa oili.

Kuna jambo jingine baya hapo. Lilipochemka Chalinze kulikuwa na sababu, na kutoa thamostati hakukuitafuta sababu hiyo, kumeificha tu. Ukirudisha thamostati leo bila kuitafuta, litachemka tena, na utaambiwa “si nilikwambia”. Kwa hiyo mambo haya yaende pamoja, tena kwa mpangilio.

Anza na rejeta. Likiwa limepoa kabisa, na nasema kabisa maana kifuniko cha rejeta ya moto kimewaunguza watu uso, fungua utazame rangi ya maji. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, ni kutu ya maji ya bomba, na matundu ya rejeta huenda yameziba nusu. Mwambie fundi aitoe, aioshe kwa kupitisha maji kinyume na njia yake ya kawaida. Kama haioshiki ibadilishwe. Kifuniko cha rejeta kiangaliwe mpira wake, kikiwa kimechoka kinaruhusu maji kuchemka mapema, na bei yake ni ndogo mno kwa hasara kinayoleta. Washa injini bila kutembea, subiri uone feni inaingia yenyewe. Tazama pampu ya maji kama ina alama za maji yaliyokauka. Mwisho mwulize fundi apime kama gasketi ya silinda hedi ilipona siku ile: injini ikiwaka, mapovu yasiyoisha kwenye mdomo wa rejeta ni dalili mbaya. Utando mweupe kama mtindi chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, kwa sababu injini inayofanya kazi ya baridi nayo hutengeneza huo.

Hayo yakishakuwa sawa, ndipo thamostati mpya iingie. Ukitaka kuhakikisha umenunua nzima, itie kwenye sufuria ya maji jikoni kabla ya kuifunga. Maji yakiwa ya uvuguvugu ibaki imefunga. Yakikaribia kuchemka utaiona inajisukuma, mdomo unafunguka taratibu. Itoe ipoe, ifunge tena. Isiyofanya hivyo irudishe dukani siku hiyo hiyo. Kisha jaza kulanti iliyochanganywa tayari, maji ya bomba basi tena. Thamostati, kifuniko na kulanti kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya ile injini unayoambiwa uilete.

Sasa kupima oili. Umeniambia lita moja au mbili kwa mwezi, lakini mwezi haupimi kitu, maana mwezi wa kwenda Dar mara mbili una karibu kilomita 760 za barabara kuu peke yake, na mwezi wa likizo gari linashinda nyumbani. Nahitaji kilomita. Fanya hivi: asubuhi kabla hujawasha, gari likiwa sehemu tambarare, toa kijiti, futa, rudisha mpaka mwisho, toa tena usome. Ongeza oili mpaka alama ya juu, usipitishe. Andika kilomita za dashibodi kwenye daftari. Endesha kama kawaida mpaka zitimie 1,000, ukikagua kijiti kila Jumamosi. Halafu asubuhi, sehemu ile ile, ongeza tena mpaka alama ya juu kwa chombo chenye vipimo. Wateja wangu wenye watoto nawaambia watumie chupa ya maziwa ya zamani yenye mistari ya mililita, haikosei. Kiasi ulichoongeza ndicho gari lako linachokunywa kwa kilomita 1,000.

Vitabu vya Toyota vyenyewe vinaruhusu hadi lita 1 kwa kilomita 1,000. Kiwango hicho ni cha kujilinda wao, si cha kukufurahisha wewe, lakini kinakupa mpaka. Mimi kwa gari la umri huu naona hivi: chini ya robo lita, endesha na ukague. Robo mpaka nusu, litunze na utafute chanzo bila haraka. Likipita nusu lita, chanzo lazima kijulikane, na likifika lita ndipo mazungumzo ya kufungua injini yaanze.

Wakati daftari linajaa, tafuta inakopitia. Oili ina njia mbili tu za kutoka, kuvuja nje au kuungua ndani. Kuvuja kwanza, kwa sababu ni rahisi. Weka boksi la karatasi chini ya injini usiku. Kagua gasketi ya kifuniko cha valvu, na kwenye 1ZZ kagua hasa pale tensheni ya mnyororo ilipofungwa ubavuni mwa injini, ina mpira mdogo wa duara ambao ukikauka unavuja taratibu na kupaka ukuta wote wa injini. Nimeona watu wakiambiwa ringi wakati shida ni mpira huo.

Kisha kuna kivalvu kidogo kwenye kifuniko cha injini kinachopeleka mvuke wa oili kurudi kwenye njia ya hewa. Mafundi wengi wanakiita PCV. Kitoe, kitikise karibu na sikio. Kikilia chak-chak kinafanya kazi. Kikiwa kimya kimeganda, na kikiganda kikiwa wazi injini inafyonza oili kupitia hapo kama mrija. Ni kazi ya dakika chache, ila ni nadra fundi kuanza nacho.

Hapo ndipo tunafika kwenye moshi wako. Umesema unatoka asubuhi ukiwasha, halafu unakata. Maelezo hayo yananielekeza zaidi kwenye sili za valvu kuliko kwenye ringi. Hizo ni vimpira vidogo vinavyokaa juu ya kila valvu kuzuia oili ya juu isishuke. Vikikaa na joto miaka 20 vinakuwa vigumu kama plastiki. Usiku gari likilala oili inashuka matone matone mpaka kwenye silinda, asubuhi inaungua yote kwa pamoja, kisha inaisha. Ringi kwa kawaida hutoa moshi hata injini ikiwa ya moto, hasa unapokanyaga mafuta kupita gari jingine.

Jaribio lipo, na barabara yako inakuruhusu. Injini ikiwa imepata moto, tafuta mteremko mrefu usio na msongamano, weka gia ndogo, ondoa mguu kwenye mafuta kabisa mpaka mwisho wa mteremko, halafu kanyaga. Mtu mwingine awe nyuma kwenye gari lake akutazame. Mguu ukiwa juu, injini inafyonza kwa nguvu na kuvuta oili kupitia sili zilizochoka. Ukikanyaga tu, linatema wingu la bluu kisha linaacha: sili hizo. Likiendelea kutoa bluu kadiri unavyokanyaga: ringi.

Fundi akikuambia tupime kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, mkubalie, plagi zote nne zikiwa nje. Kila silinda isiwe chini ya bar 10, na kati ya moja na nyingine tofauti isizidi bar 1. Lakini lielewe vizuri jibu lake. Kompresheni inapima zile ringi mbili za juu. Ringi ya oili inaweza kuwa imeganda kabisa na kompresheni ikasoma vizuri. Kwa hiyo kompresheni nzuri haimaanishi kwamba injini haili oili. Inamaanisha silinda bado ni nzima na injini hiyo inastahili kuokolewa. Watu hulipindua jibu hili, nami nataka ulishike hivyo. Na plagi zikiwa nje zitazame midomo yake moja moja. Iliyo kavu ya rangi ya kahawia hafifu iko salama. Iliyo nyeusi yenye unyevu wa oili inakuonyesha silinda ipi inakunywa.

Ikionekana ni sili za valvu, zibadilishwe. Kwenye injini hii zinaweza kubadilishwa bila kutoa silinda hedi, kwa fundi anayejua kujaza hewa kwenye silinda ili valvu zisidondoke. Kazi ni ya kutwa nzima na inataka mkono mtulivu, lakini injini inabaki mahali pake.

Ikionekana ni ringi, na kompresheni ni nzuri, usikimbilie kufungua. Mara thamostati ikirudi, mwaga oili, weka mpya na filta mpya. Injini hii inachukua lita 3.7 pamoja na filta, na ukiuziwa galoni la lita 4 usimruhusu kijana wa gereji amimine lote. Oili hiyo ya kwanza itembee kilomita 2,000 tu, umwage. Itatoka nyeusi kuliko unavyotegemea, kwa sababu injini yenye joto lake sahihi na oili safi inaanza kujiosha. Baada ya hapo kila kilomita 5,000 bila kusogeza. Kuna dawa ya kumimina kupitia matundu ya plagi ilale juu ya pistoni usiku kucha ili ilainishe ukoko. Nimeona ikisaidia kwenye magari kadhaa, na kwenye mengine haikubadili kitu. Ukiamua kuitumia, fundi azungushe injini kwanza plagi zikiwa nje ili dawa iruke, na oili imwagwe kabla gari halijatembea. Asipofanya hivyo dawa itanaswa kwenye silinda na kupindisha kono la pistoni, na hapo utakuwa umenunua injini kwa mikono yako.

Utashauriwa uweke oili nzito, 20W-50, eti inazuia. Itapunguza unywaji kidogo, ndiyo. Lakini injini yako ina mfumo wa VVT-i, unaopanga muda wa valvu kufunguka, unaosukumwa na oili kupitia njia nyembamba, na asubuhi oili nzito inachelewa kufika juu, mnyororo unasikika ukilia. Kiwango chake ni 5W-30. Kwa injini iliyochoka na joto letu nakubali 10W-40, zaidi ya hapo sipendi. Chupa za dawa za kuzuia moshi ziache dukani. Zinanenepesha oili tu, na moshi ukijificha mwenye gari anaacha kukagua kijiti.

Hilo la kijiti nitalisisitiza hata kama utanichoka. Katika 1ZZ zote nilizoona zimekufa kabisa, zimegonga beringi, sikumbuki hata moja iliyouawa na kunywa oili kwenyewe. Zilikufa kwa sababu oili ilipungua bila mtu kujua, taa nyekundu ikawaka njiani, dereva akasema afike kwanza nyumbani. Taa ile ya oili haikuambii oili inapungua, inakuambia presha imeshakwisha. Gari linalokunywa nusu lita na mwenyewe anakagua kila Jumamosi litaishi miaka. Kabla ya kila safari ya Dar, kijiti. Na lita moja ya oili ile ile ikae kwenye buti.

Ukifika kwenye lita kwa kilomita 1,000, na umefanya yote hayo, basi injini ifunguliwe, na bado sijasema ibadilishwe. Zinawekwa ringi mpya, na pistoni zilizoboreshwa kama zinapatikana kwa muuzaji wa kuaminika. Toyota hawakutengeneza pistoni za saizi kubwa kwa 1ZZ, na kuta zake za chuma ndani ya bloku ya alumini ni nyembamba. Kwa hiyo silinda ikiwa imelika sana kuichonga si suluhisho, na hapo ndipo injini nyingine inakuwa na maana.

Injini hiyo ya mtumba, ikifika siku yake, itakuwa 1ZZ nyingine yenye umri kama wa hii, usiyojua ilibadilishwa oili lini. Usiinunue ikiwa imefungwa kwenye nailoni. Fungua kifuniko cha oili utazame ndani kwa tochi ya simu: rangi ya dhahabu hafifu ni dalili ya oili iliyobadilishwa kwa wakati, weusi wa lami ni ukoko ule ule. Zitoe plagi uzitazame kama nilivyokueleza. Na kumbuka namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Ukibadili, taarifa zibadilishwe TRA, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka.

Kuhusu wazo la shemeji, la kuuza na kununua Premio new model. Ni gari zuri, sitalisema vibaya. Lile umbo jipya lilitoka 2007 na haliji na 1ZZ. Lina 1NZ ya cc 1500 au injini za familia ya ZR kwa cc 1800 na 2000. Lakini mjue mnahama kutoka kwenye uangalizi wa aina moja kwenda wa aina nyingine. Allion yako ina gia boksi ya kawaida ya gia nne, ngumu na mvumilivu, inayotumia hydroliki, yaani mafuta ya gia boksi, ya T-IV. Premio mpya zote zina CVT, ambayo badala ya gia ina mkanda wa chuma unaobana kati ya puli mbili. Ina hydroliki yake maalumu ya CVT, na ukiwekewa ya gia boksi ya kawaida mkanda unateleza, na gia boksi hiyo haitengenezeki kirahisi huku kwetu. Nimeona kosa hilo likifanywa na kijana aliyedhani hydroliki ni hydroliki. Kwenye injini za ZR angalieni pampu ya maji. Alama za waridi zilizokauka chini yake maana yake imeanza kuvuja. Na ukikutana na Allion au Premio ya zamani ya cc 2000 yenye maandishi D-4 kwa bei ya kuvutia, iache. Petroli yake inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, valvu za hewa hazioshwi na mafuta, zinajaa masizi, na pampu yake ya presha kubwa ni ghali.

Kwa hali yako ya sasa, kuuza ni kuuza kwa hasara. Mnunuzi akiona moshi asubuhi atakata bei kwa kiasi cha injini nzima, wakati huenda shida ni vimpira kumi na sita. Lipime, litengeneze, halafu mkitaka kuuza mtauza gari zima na daftari lake.

Ule mlio wa kok-kok mbele, karibu kila mara kwenye Allion ni linki za stabilaiza. Shika linki kwa mkono uitikise, ikicheza imekwisha. Badilisha zote mbili. Kama mlio utabaki, zikaguliwe busha za lowa arm.

Thamostati ikisharudi na kilomita 1,000 zikitimia, niandikie mambo matatu: mililita ulizoongeza, namba za kompresheni za silinda zote nne, na kama moshi wa kwenye jaribio la mteremko ulikata baada ya kukanyaga au uliendelea. Na fundi wako akiwa na maswali, mpe barua hii aisome na yeye.